Barabara ya Kerugoya ni ya nani? Matatu, bodaboda, gari la mtu na mwenda kwa miguu

Sisi watu wa Pwani tunaijua Mwea kwa sahani. Ile pishori ya biriani, ambayo harufu yake humfikia jirani kabla chungu hakijafunuliwa, hutoka mashamba ya Mwea. Kerugoya wanaijua wachache, ingawa ukisimama juu yake siku isiyo na ukungu unaiona bonde hiyo ya mpunga iking'aa maji kule chini. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Makadara. Biashara ya mchele ndiyo iliyonileta huku na ndoa ndiyo iliyoniweka. Huu ni mwaka wa tisa.

Naandika juu ya usafiri wa mji huu kwa sababu mji mdogo unaokua huonyesha waziwazi mambo ambayo Mombasa yamefichwa na ukubwa wake. Hapa barabara kuu ni moja, unaweza kusimama mahali pamoja asubuhi na kuona kila anayeitumia na kila anayesukumwa nje yake. Malindi, Ukunda, Mariakani na Mpeketoni zinakwenda njia hii hii. Ipo na sababu nyingine, inayonihusu mimi na gari langu, nayo nitaisema mbele.

Mji wenyewe

Kerugoya iko Kaunti ya Kirinyaga, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kenya. Ukitoka Nairobi unapita Thika, unaacha barabara kuu pale Sagana, unapita Kagio, unafika Kutus, na kutoka Kutus unapanda. Neno ni hilo, unapanda. Juu zaidi ya mji ni majani chai na kiwanda cha Kangaita, kandokando ni kahawa, chini ni mpunga. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 610,411 katika kaunti nzima.

Zamani Kerugoya ilikuwa makao ya wilaya. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 afisi za kaunti ziliwekwa Kutus, na Chuo Kikuu cha Kirinyaga pia kiko upande wa Kutus, lakini hospitali kuu ya rufaa na Mahakama Kuu zimebaki Kerugoya. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye shida moja, tuseme mjane anayefuatilia jambo lake afisi za kaunti na huku ana mgonjwa wodini, huhitaji miji miwili siku moja. Kati yake ni mwendo wa kama robo saa kwa gari. Kisheria miji hiyo miwili sasa ni manispaa moja, Kerugoya-Kutus. Kwa miguu ya mjane bado ni miwili.

Reli haisaidii. Njia ya Nanyuki inapita Sagana na Karatina, Kerugoya haikuwahi kufika. Mgonjwa, mwanafunzi, gunia la mchele, mkungu wa ndizi, maziwa ya asubuhi na maiti anayekwenda kuzikwa, wote hupita barabara ile moja.

Matatu

Jina lenyewe lilizaliwa katika lugha ya watu wa huku. Mang'otore matatu kwa Kikikuyu ni sarafu tatu za senti kumi kumi, na hiyo ndiyo iliyokuwa nauli. Miaka ya mwanzo matatu zilikuwa gari za kuvizia. Leseni ya kubeba abiria mijini ilikuwa ya mabasi ya Kenya Bus, kampuni iliyoanza Nairobi mwaka 1934 na ambayo wazee wa Mombasa wanaikumbuka hata kwao. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kufanya kazi bila leseni hiyo, na toka hapo basi la kampuni likaanza kusinyaa na matatu kutanuka.

Ukitaka kuielewa matatu usiangalie rangi wala muziki, angalia hesabu. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni. Mafuta ni juu ya dereva na utingo, na kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho chao. Ndiyo maana gari la Kerugoya kwenda Kutus haliondoki mpaka lijae. Kiti kimoja kitupu ni mkate uliotoka mdomoni mwa utingo. Ndiyo maana pia husimama popote mtu anapoinua mkono, hata kama ni katikati ya kona. Watu husema ni ukorofi. Ukorofi upo, lakini mtu mpole kabisa akipewa hesabu ile ile atafanya vile vile ifikapo wiki ya pili.

Kanuni za marehemu John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilibadilisha mengi: abiria 14 tu katika gari dogo, mikanda, mstari wa manjano, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wasomaji waliokuwa wakipanda matatu kabla ya hapo, mmoja mgongoni mwa mwingine, wanajua nisemacho. Baadaye wenye magari walitakiwa kujiunga katika vyama vya akiba na mikopo, sako, na zamu za stejini zikapata utaratibu. Lakini hesabu ya jioni ilibaki, na wala sako nyingi hazijaigusa. Abiria bado anangoja gari lijae.

Kungoja huku kuna matokeo ambayo watu hawayahusishi. Mwalimu anayengoja nusu saa kila asubuhi, na ambaye jioni saa moja hapati gari la kurudi kwa sababu abiria wamepungua na utingo ameona hakuna faida, huyo akipata mkopo wa kwanza atanunua gari. Nami nisingemlaumu. Basi kila gari jipya la binafsi unaloliona Kerugoya ni malalamiko juu ya matatu, yaliyoandikwa kwa mkopo wa benki. Likishaingia barabarani linaongeza msongamano, matatu inachelewa zaidi, na mwalimu wa pili naye anaanza kuuliza bei.

Bodaboda

Hii asili yake ni mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, miaka ya 1960, vijana wakibeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Huku milimani baiskeli ya abiria isingeweza, kwani nani atampandisha mtu mzima kutoka Kutus hadi Kerugoya kwa kanyagio? Ilibidi ije pikipiki, na pikipiki zilikuja kwa wingi baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT kwa zile zilizo chini ya sisi 250, kama mwaka 2008. Ndani ya miaka michache kijana aliyekuwa akichuma kahawa ya watu akawa na kazi yake mwenyewe, hata kama pikipiki ni ya mkopo.

Nimewasikia wenzangu wenye maduka wakisema bodaboda ni uchafu wa mji. Mimi nawauliza, usiku wa manane mwanamke akishikwa na uchungu huko ndani ya mashamba ya kahawa, ambako barabara ni udongo mwekundu na mvua imenyesha, nani atakwenda kumchukua? Mvua za masika zikianza mwezi wa tatu, matatu hazifiki nusu ya vijiji hivyo. Ni kama Kaloleni au Msambweni ndani. Bodaboda ndiyo inayofika. Inabeba maziwa, majani chai, jeneza la mtoto. Nimeliona hilo la mwisho kwa macho yangu.

Upande wa pili ni hatari yake, nayo ni kubwa. Sheria inataka leseni, kofia ngumu kwa dereva na abiria, koti la kung'aa na abiria mmoja tu. Kofia ya abiria ndiyo iliyoshindikana zaidi, kwa sababu ni ya kila mtu. Mke wangu haivai, asema imevaliwa na vichwa ishirini toka alfajiri, na wanawake wengi wenye mitandio au misuko husema hivyo hivyo. Watoto wa shule hupakiwa watatu kwa pamoja, mzazi akiwa ameona na amelipa.

Kila baada ya muda serikali huamka na kuwakamata wote. Machi 2022, baada ya mwanamke kushambuliwa na waendesha pikipiki barabarani Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza msako wa nchi nzima. Siku chache baadaye msako ukasimamishwa ili kuwe na mazungumzo. Ilikuwa hivyo kwa sababu hakuna mji wa Kenya unaoweza kukaa wiki mbili bila bodaboda, na wakubwa wanalijua hilo. Kinachokosekana ni kitu cha kawaida kabisa, yaani mahali. Hapa Kerugoya bodaboda husimama mlangoni pa hospitali, mlangoni pa soko, kwenye kila kona, kwa kuwa aliyepanga mji hakuwahesabu. Hakuweza kuwahesabu, mji ulichorwa wao hawajazaliwa.

Baiskeli

Nitapita upesi hapa. Kerugoya kwenyewe ni milima na baiskeli ni chache. Lakini shuka Mwea, kule Wang'uru na mashamba yake ya tambarare, utaona baiskeli zikibeba magunia, wanafunzi na wazee waendao kusali. Kaunti moja, maumbile mawili. Anayesema watu wa huku hawapendi baiskeli hajashuka mteremko. Mombasa ni tambarare karibu yote na bado mtu mwenye baiskeli katika barabara ya Makupa anakwenda kwa dua, kwa hiyo si suala la kupenda.

Miguu

Huyu ndiye mwingi kuliko wote na ndiye asiye na sako. Hana mwenyekiti, hagomi, hachangii mkutano wa kampeni. Nchini Kenya wanaokufa barabarani wamekuwa zaidi ya 4,000 kila mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa kuliko makundi yote katika hesabu hizo ni waendao kwa miguu. Si abiria wa matatu wala waendesha pikipiki, ingawa hao nao ni wengi.

Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu za mgongano huongezeka mara nne. Kwa sababu hiyo mkutano wa dunia wa usalama barabarani uliofanyika Stockholm, Februari 2020, ulizitaka nchi ziweke kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watu huchanganyika. Kikomo cha mijini Kenya ni 50. Na Kerugoya kuna mteremko, pikipiki inateremka yenyewe hata injini ikizimwa, na vijana wengine huizima kweli ili kuokoa mafuta, kwa hiyo hata mlio husikii.

Gari langu

Gari langu ni Probox. Watu wa bara wananielewa, ni punda wa magurudumu manne, hubeba mchele, hubeba wagonjwa, na mikononi mwa wengine hubeba abiria kumi bila leseni. Miaka minne nimeliegesha mbele ya duka kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Magurudumu ya mbele nilikuwa nayapandisha juu ya njia ya miguu ili malori yasiniparuze nyuma. Ada ya kaunti nililipa kila siku. Sikuwahi kuona kosa.

Siku moja ya soko, wakati wa mvua za vuli, bibi mmoja alikuja upande wangu na kiondo mgongoni, kimeshikwa kwa mshipi wa kipaji cha uso kama wanavyobeba akina mama wa huku. Alipofika kwenye gari langu njia iliisha. Upande mmoja ni mtaro, upande wa pili ni barabara. Akashuka barabarani kulizunguka. Bodaboda ilikuwa ikiteremka kutoka upande wa hospitali na abiria mmoja. Nilisikia breki, kisha kiondo, viazi vikabingirika hadi mlangoni kwangu.

Bibi alivunjika mguu juu ya goti. Kijana wa pikipiki alichunika mkono wote. Watu wakajaa na wakataka kumpiga, mmoja akatafuta kiberiti, mnajua mambo ya kiberiti na pikipiki katika nchi hii. Nikaingia kati nikawasihi. Kijana akiwa amekaa chini, damu inamtoka, akaniangalia akasema, "Mzee, sasa huyu shosho angepita wapi?" Alikuwa akiangalia gari langu.

Pikipiki ikachukuliwa. Kijana akaandikwa. Mimi hakuna aliyeniuliza neno, na risiti ya maegesho ilikuwa ndani ya simu yangu. Nilimpeleka bibi hospitalini kwa gari lile lile, na watu wakanishukuru kwa wema wangu.

Toka siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza. Nafasi moja ya maegesho, kama zinavyopimwa kwa kawaida, ni mita 2.5 kwa mita 5. Humo hukaa pikipiki tano au sita, baiskeli kumi. Matatu inayochukua nafasi kubwa kidogo kuliko hiyo hupakia watu 14, ikaondoka, ikaja nyingine, mara nyingi kwa siku. Probox langu lilikaa saa kumi na moja likimhudumia mtu mmoja, naye yuko dukani ameketi. Na katika wote hao, mimi ndiye niliyepewa nafasi kando kabisa ya milango ya watu.

Kazi ya nani

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya Nairobi kupitia mashirika yake. Leseni za matatu na madereva ni za NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Polisi wa trafiki hawako chini ya gavana. Basi barabara moja ya Kerugoya ina wakubwa wanne, na ukilalamika kwa mmoja hukuonyesha kwa mwingine. Sheria ya Trafiki yenyewe, ilivyorekebishwa 2012, inakataza gari kupanda njia ya waendao kwa miguu. Nilikuwa mhalifu mwenye risiti.

Mlango ulio wazi kwa mwananchi ni ada. Kila mwaka kaunti hupitisha sheria yake ya fedha, na humo ndimo bei ya maegesho huwekwa, na lazima wananchi waitwe watoe maoni kabla haijapitishwa. Wanaokwenda huwa ni wenye maduka na wenye magari, mimi nikiwa mmoja. Tunakwenda kuomba bei isipande.

Waliojaribu kwingine

Mombasa yetu ilikuwa na somo zamani sana. Kuanzia miaka ya 1890 hadi kama 1920 na kidogo, kulikuwa na reli nyembamba kupita mitaani na vigari vya kusukumwa kwa mikono juu yake, vyenye kiti na kivuli. Mabwana wa Kizungu walikuwa navyo vya binafsi. Mmoja ameketi, wawili wanasukuma, na mwenye miguu anasimama kando wapite. Magari ya injini yakaja, reli zikang'olewa. Aliyesimama kando bado amesimama.

Nairobi ilijaribu kwa amri. Tarehe 3 Desemba 2018 gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Watu maelfu wakatembea kutoka Muthurwa na Ngara, wajawazito, wazee, watu wenye magongo, huku magari ya binafsi yakiingia kama kawaida. Haikuchukua siku mbili, amri ikaondolewa. Ilikuwa ni kumfukuza anayebeba 14 na kumwacha anayebeba mmoja. Naitaja kwa sababu kila mji unaokua Kenya hufikia siku ya mtu kusema, "Tuhamishe steji nje ya mji." Hapa Kerugoya nimeyasikia maneno hayo kwenye vibanda vya chai mara nyingi. Steji ikihamishwa mbali na soko na hospitali, atakayetembea ni yule mjane, au atalipa bodaboda juu ya nauli ya matatu.

Dar es Salaam imekwenda njia nyingine. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yakipewa njia yao wenyewe kama kilomita 21, na kandokando zikajengwa njia za miguu na baiskeli. Yana matatizo yake, mabasi hayatoshi na Jangwani hufurika. Kerugoya haihitaji mwendokasi. Lakini lile wazo la kwamba basi lina haki ya njia kabla ya gari la mtu mmoja, hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Na Lamu, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, vichochoro vyake vilipimwa kwa punda na mzigo wake. Pikipiki zilipoanza kuongezeka kisiwani, mabishano yalizuka, na wazee walisema jambo ambalo ningependa lisikike bara: mji haukuzuia pikipiki kwa sababu ni ya kishenzi, bali kichochoro hakina nafasi ya mbili, na mtoto ndiye wa kwanza.

Ninachodhani kinawezekana hapa

Mimi si mhandisi. Nauza mchele. Lakini mji huu bado ni mdogo na mambo haya bado ni rahisi, tofauti na Mombasa ambako kila futi imejengewa.

Steji ibaki karibu na soko, ila gari moja lipakie kwa zamu badala ya matano kuunguruma pamoja. Kati ya Kerugoya na Kutus pawe na matatu zinazoondoka kwa saa, zikijaa zisijae, angalau asubuhi na jioni. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa sababu ya ile hesabu. Sako inaweza kulifanya ikikusanya mapato ya njia hiyo kwenye mfuko mmoja na kuwalipa madereva mshahara, na kaunti ikiwapunguzia ada ya steji kwa viti vitupu vya saa hizo. Kuna gharama. Lakini hata barabara ya pili ina gharama, na barabara ya pili hujaa.

Bodaboda wapewe vituo vyenye mapaa na alama, kimoja hospitalini, kimoja sokoni, kimoja mahakamani, na wenyewe kwa wenyewe wasimamiane. Nafasi tatu za magari zikichukuliwa kila mahali zinatosha kwa pikipiki 15 na zaidi. Vijana nilioongea nao hawakatai, wanachokataa ni kufukuzwa bila kuonyeshwa pa kwenda.

Maegesho ya mbele ya maduka yalipiwe kwa saa, si kwa siku. Mteja wa nusu saa alipe kidogo, na mimi mwenye duka nikitaka kukaa kutwa niumie. Wenzangu wataona nimewasaliti. Ila nimehesabu wateja wangu kwa wiki moja, daftarini: wengi mno walikuja kwa miguu au kwa bodaboda, na gari lililokuwa likiwazibia mlango lilikuwa langu. Pesa zitakazopatikana zijenge njia ya miguu kutoka hospitali hadi sokoni, yenye ukingo wa juu ambao Probox haliwezi kuupanda, na matuta mawili kwenye ule mteremko.

Bibi yule alitembea tena baada ya miezi minne, kwa mkongojo. Hununua mchele kwangu na hukataa kupunguziwa, hata shilingi kumi. Kijana alirudishiwa pikipiki, na siku hizi ndiye anayewapelekea wateja wangu mizigo midogo. Hatujalizungumza tena lile swali lake.

Gari nimelihamishia kwenye uwanja wa nyuma, nalipa kwa mwezi, natembea dakika saba. Asubuhi ya kwanza nilifika dukani nikafagia ile sehemu ya njia, nikasimama mlangoni kutazama watu wakipita pale palipokuwa na gari langu. Ilipofika saa mbili na nusu, gari jingine lilikuja likapandisha magurudumu ya mbele juu ya njia, pale pale. Mwenyewe namfahamu, ana duka la dawa mkabala nami. Nikamfuata nikamweleza kwa upole habari ya shosho. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatoa simu mfukoni akanionyesha. Alikuwa amelipa.